Tume ya Undugu wa Vijiji vya Uingereza

Wazungumzaji wote wa Kiswahili wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba suala la undugu katika vijiji vya Uingereza limepatiwa ufumbuzi. Kazi hiyo imekamilishwa na Tume yetu, Machi 1996, sebuleni kwa Mwenyekiti, Mzee Humphrey, kule Apple Valley, theluji ikiwa imefika magotini. Mimi Gaudens ndiye katibu, na muhuri ninao.

Chama cha Waingereza wanaomuenzi mwandishi wao wa riwaya, bibi maarufu aliyefariki zamani bila kuolewa, kilitualika tukatembelee vijiji walikoishi jamaa na marafiki zake. Watu tisa, siku saba. Vijiji vilikuwa kumi na vinne, tukaombwa tuchague sita. Wengine wangepiga kura. Sisi tulikaa kikao cha ukoo.

Kijiji cha baba wa marehemu kilipita bila kupingwa. Cha kaka yake, mchungaji, kikapita. Cha shangazi kilituchukua Jumamosi mbili, kwani shangazi huyo alikuwa tajiri na mgomvi, na Mwenyekiti alishikilia kwamba shangazi wa namna hiyo huanzwa yeye, kabla hajasikia mmepita kwa wengine. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Hoja ikapita.

Marafiki tuliwaondoa wote.

Hapo akasimama Dinah Kemunto, Mkenya, ambaye kazi yake ni kumtunza nyumbani kwake, Maplewood, kikongwe wa Kiingereza aitwaye Edith. Edith alizaliwa Tadcombe, kijiji cha rafiki wa mwandishi. Moyo wake umechoka. Daktari haongelei tena miaka, anaongelea miezi. Anataka auone kwenye picha mlango wa nyumba yao kabla hajafa.

"Mwenyekiti, shosho wangu anataka picha moja tu," alisema Dinah. "Na-park, napiga, tunaenda."

"Binti yangu, rafiki si ndugu. Tukianza hivyo, kesho tutazuru mpaka kwa fundi viatu wake."

"Lakini huyu ni mgonjwa, mzee."

"Ugonjwa haumo kwenye hadidu za rejea."

Nikaandika: hoja imekataliwa. Dinah akavaa koti akatoka bila kuaga. Nilimwonea huruma, nakiri, ila fomu yetu haina safu ya huruma.

Orodha ilikwenda kwa faksi. Waingereza walijibu kwa furaha, wakaongeza jambo dogo: katika vijiji vyetu sita hakuna pa kulala. Nyumba yenye vitanda iko Tadcombe, na mwenyewe ni mdogo wake Edith. Anatukaribisha, mradi dada yake asiachwe mpweke, na Dinah apange nani aende, nani abaki.

Mwenyekiti alikwenda Maplewood mwenyewe, na keki. Nilimfuata na muhuri, lolote laweza kutokea.

"Karibuni," alisema Dinah, bila kinyongo, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimeshapanga. Kwetu mgonjwa haachiwi watoto, anakaa na mkubwa. Sasa hapa mkubwa ni nani?"

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikaitazama keki.

"Ni mimi," alisema, maana swali hilo hajawahi kulijibu vinginevyo.

Naandika haya kutoka Tadcombe, mwezi Mei. Mwenyekiti amepiga simu alasiri hii. Anasema Edith hali uji mpaka asomewe riwaya, na amekataa anavyotamka yeye majina ya vijiji vyote sita. Kisha akashusha sauti.

"Gaudens, mwambie Dinah apige na dirisha la juu. Bibi amelikumbuka dirisha, akalia."

Nikamweleza kwamba ombi jipya huletwa kwa maandishi, nakala tatu.

Dinah akaninyang'anya simu.

"Dirisha la upande gani, mzee?" akauliza, na kamera tayari iko begani.