Mashine Itakayokufa Ijumaa

Profesa hakuwahi kusoma popote pa maana, ndiyo sababu Jumatatu ile alikwenda kwenye duka la uchapaji kutoa nakala ya shahada aliyojiandikia mwenyewe. Akiwa anasubiri, macho yake yakatua kwenye kompyuta ya mwenye duka, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe: mfumo huu umepitwa na wakati, uwekwe mpya? Chini yake, Ndiyo na Baadaye. Shangazi akabofya Baadaye bila hata kutazama.

Profesa akameza mate. Asubuhi hiyo mkewe alikuwa amemwekea mpaka: Ijumaa arudi na pesa ya jasho la mikono yake, au asirudi kabisa. Kompyuta ya mtu mwingine, ikiuzwa haraka, ingeweza kabisa kupita kama jasho.

"Shangazi, samahani. Ujumbe huo umeanza lini?"

"Mwaka wa nne huu. Kwani kuna neno?"

Profesa akavua miwani polepole. "Mfumo wako unakata roho Ijumaa, saa sita mchana. Ukifa, unaondoka na barua zote ulizowahi kuchapa. Nipe mashine niipeleke karakana, kesho naileta ikiwa kijana."

"Masikini," Shangazi akasema. "Lakini mwanangu, hii ni mali ya familia. Lazima tukae kikao."

Familia ilikuwa yeye na shemeji yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye kona ya chumba hichohicho. Kikao kilifanyika bila mtu kuinuka.

"Huo mpya ukiwekwa," shemeji akauliza, pini mdomoni, "wa zamani unakwenda wapi?"

"Unafutwa, fundi."

"Bila kosa lolote?"

Kikao kikaahirishwa.

Jumanne shemeji alitaka kwanza kuuona mkono wa mtaalamu, na Profesa akafungua printa iliyokwama tangu mwaka juzi, akatoka na wino hadi viwiko. Jumatano Shangazi aliingiwa na hofu ya barua kupotea, ikabidi zote zichapwe na kushonwa kwenye majalada. Kwa kuwa Profesa tayari alikuwa amekalia kiti, akaombwa amwandikie mteja barua ya kuomba kazi, kisha mwingine, kisha foleni. Mvumilivu hula mbivu, akajiambia Alhamisi, akiwa juu ya meza anabadilisha taa na kuitia betri saa ya ukutani.

Ijumaa, dakika tano kabla ya saa sita, Shangazi akakohoa. "Tumeamua." Akainama, akabofya Baadaye.

"Mtajuta," Profesa akasema. "Imebaki dakika tano."

Wote watatu wakaitazama saa ya ukutani, ambayo sasa ilikwenda vizuri sana. Saa sita ikafika, ikapita. Mashine ikaendelea kunguruma.

"Tia sahihi kwenye daftari la wageni kabla hujaondoka," Shangazi akasema.

Profesa alikuta wanane wamemtangulia: injinia, daktari wa kompyuta, mshauri wa mitambo. Mbele ya kila jina paliandikwa kazi. Bawaba za mlango. Bomba la choo. Paa.

"Wa tano alitupakia rangi ukutani," Shangazi akasema kwa upole. "Ila kwa bidii, mwanangu, umewashinda wote."

Profesa alirudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe alimngoja mlangoni.

"Jasho liko wapi?"

"Mke wangu, nimefanya kazi wiki nzima. Nimetengeneza printa, nimechapa barua, nimebadilisha taa. Sikulipwa tu."

Katika miaka tisa ya ndoa mwanamke huyu alikuwa ameamini mengi: kwamba mshahara umekwama bandarini, kwamba bosi amekuwa bubu na hawezi kuidhinisha malipo. Aliitazama mikono ile yenye wino, na uchungu ukamjaa hadi machozi yakamlenga.

"Safari hii hata hukujisumbua kutunga uongo mzuri," akasema, akafunga mlango.