Dakika Tatu Mbele ya Soko

Jumatatu, 4 Machi

Kazi imepatikana! Meneja wa soko jipya anataka picha ya lango lake, mchana, jua likiwaka, bila mtu hata mmoja. Nikamwambia aniachie mimi. Jirani yangu mpiga picha, tunayemwita Bwana Tabasamu, akashauri ipigwe Jumapili asubuhi kabla soko halijafunguliwa. Ushauri wa mvivu. Mimi nina mbinu: kamera ikiachwa wazi dakika tatu, anayepita hashiki kwenye picha. Kinabaki kilichotulia tu.

Mke wangu hakufurahi. Kaka yake ameniwekea nafasi dukani kwake, duka la vifaa vya ujenzi, lakini mwisho ni Alhamisi. Nimemwomba mke wangu anivumilie wiki moja. Amesema amenivumilia miaka sita.

Jumanne, 5 Machi

Picha nyeupe pe. Jua la mchana kwa dakika tatu halibakizi kitu. Kamera inahitaji kioo cheusi. Nimeazima kwa fundi wa mageti kile anachojikinga nacho macho akichomea, nikakibandika mbele ya lenzi. Fundi aliuliza yeye atachomea na nini. Nikamshauri apumzike.

Jumatano, 6 Machi

Kioo kinafanya kazi! Lango limetoka kijani kama mchicha, lakini rangi nitairekebisha kwenye kompyuta. Tatizo ni watu. Walipoiona kamera, wakasimama. Muuza vitunguu akawapanga wenzake, wafupi mbele, warefu nyuma. Dakika tatu hawakupepesa macho. Nikawasihi wapite, wakanijibu watapitaje na wao wanapigwa picha? Sijawahi kupiga kundi lililotulia vile.

Meneja ametoa siku mbili. Nikishindwa, kazi anapewa Tabasamu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu kwamba leo naanza kazi kwa kaka yake. Alifurahi mpaka nikaona haya. Shemeji nimempigia simu kwamba nimelala, mgongo unauma, anivumilie mpaka Jumatatu. Kisha nikashinda natoboa boksi la sabuni. Kamera inakaa ndani, lenzi inachungulia.

Ijumaa, 8 Machi

Boksi! Hakuna aliyeligeukia. Saa saba kamili nikafungua lenzi, macho kwenye saa ya mkononi, nahesabu sekunde. Mikokoteni, wachukuzi, wanunuzi, wote wamefutika. Lango linang'aa.

Isipokuwa katikati. Kuna mwanamke mmoja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika hotipoti. Mke wangu. Ametoka vizuri mno, hata vifungo vya gauni vinahesabika. Kumbe alinipelekea chakula cha mchana dukani, akaambiwa naumwa mgongo, akajua pa kunitafuta.

Meneja aliitazama picha akauliza yule mama ni nani. Kazi kapewa Tabasamu.

Nyumbani mke wangu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nilisimama pale nikingoja unione," akasema. "Muda wote ule ulikuwa unatazama saa."

Iliniuma kweli. Nikasema ndiyo maana ametoka vizuri. Kosa. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza kazi dukani. Shemeji kanipokea kwa heshima ya dada yake, si yangu. Mke wangu ametoa masharti mawili: kamera ikae kabatini, na nisimdanganye tena. Nimekubali kwa moyo wote. Ni mwanamke mwema, na nilikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya lango.

Mchana shemeji alisema anataka picha ya bango, duka limefurika wateja. Wateja wenyewe wanaingia mmoja mmoja. Wala hilo si tatizo! Nikiacha kamera wazi siku nzima, wote watajikusanya kwenye picha moja. Dakika tatu zilikuwa chache, ndipo nilipokosea. Shemeji nimemwambia aniachie mimi.

Jioni nimeitoa kamera kabatini, nikaifunika kwa koti. Nimemwambia mke wangu narudi dukani mara moja kupanga misumari. Akanitazama, akalitazama koti, akanifungulia mlango.

Nafikiri ameamini.