Bangili za Bibi na Begi Lisiloibika

Jumatatu, 2 Desemba

Leo Bibi ameniita chumbani kwake. Mimi, si Hadija! Sijui kama nimewahi kuitwa mimi kabla ya Hadija kwa jambo lolote.

Mwasiti, binti wa Baba Mdogo Abdulkarimu, anaolewa Jumamosi huko Kagunga. Magoti ya Bibi hayamruhusu tena kupanda boti, kwa hiyo mtu lazima apeleke bangili. Ni mbili, za fedha, nyembamba. Kila binti wa ukoo wetu huzivaa siku ya ndoa yake, kisha hurudi hapa Ujiji kumsubiri mwingine. Hajaolewa mtu bila hizo. Bibi amesema amenichagua kwa sababu mimi ni mtulivu, na mdomo wa Hadija hauna mlango.

Hadija alikuwa dirishani anasikiliza. Ni binti wa Shangazi, tumelelewa nyumba moja, amenizidi miezi miwili, na tangu tumalize kidato cha nne ananiita "mwanangu". Naye anakwenda harusini. Akasema yeye angezifunga kwenye pindo la kanga, angelala, angeamka Kagunga.

Pindo la kanga! Karne hii!

Nimesoma kwenye simu ya Mama jinsi wezi wa mifukoni wanavyofanya kazi. Wa kwanza anakukanyaga. Wa pili anakuomba radhi kwa niaba ya wa kwanza. Wa tatu humwoni. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumanne, 3 Desemba

Nimenunua begi! Akiba yangu yote ya kusuka nywele imekwenda, lakini ni begi la kuzuia wezi. Gasper, anayeuza mabegi soko la Mwanga, amenieleza vizuri sana. Kitambaa chake wembe haupiti. Zipu iko upande wa mgongoni, mwizi haioni. Kuna kufuli la namba. Amesema wazungu wanaokwenda kuwaona sokwe hubeba hilohilo, na hajasikia mzungu hata mmoja akilalamika.

Nyumbani nimemwomba Hadija ajifanye mwizi. Akanizunguka uani, akapapasa, akavuta, akashindwa. Furaha!

Kisha nikataka kutoa leso. Zipu iko mgongoni. Nikajipinda kulia, nikajipinda kushoto, nikazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Bibi akauliza kutoka barazani kama nimeumwa na siafu.

Hadija akanivua begi. Akachomoa pini kwenye nywele zake, akachokoa kufuli, likafunguka. Alikuwa anatafuna muhogo wakati wote. Akanipa leso yangu akasema, "Shika, mwanangu, upanguse machozi."

Sikuwa nalia bado.

Jumatano, 4 Desemba

Nimekwenda Kibirizi, zinakotia nanga boti za Kagunga, kufanya mazoezi. Nilitaka kuona kama naweza kupita katikati ya wachuuzi wa dagaa na wachukuzi hadi kwenye boti bila kuguswa.

Sikuguswa. Lakini kila mtu alinitazama! Kina mama wanaoanika dagaa waliacha kuanika. Mchukuzi mmoja akaniuliza kwa heshima kama nimeleta mitihani. Mwingine akasema hapana, hizo ni fedha za mradi, na akawaambia wenzake wampishe Mama Benki. Wakanipisha. Wakapanga mstari! Nikapita katikati yao na begi tupu huku wote wakinipigia saluti.

Nimerudi nyumbani nimekata tamaa. Begi la kuzuia wezi linawaita wezi kwa jina.

Saa tisa mchana, nikiwa naosha vyombo, wazo likanijia. Limenijia lote kwa pamoja, kama mvua. Begi liwe chambo! Nitalijaza madaftari na nusu tofali, nitalikumbatia, mwizi ahangaike nalo. Bangili zenyewe zitakuwa ndani ya kitu ambacho hakuna binadamu atakayekiiba kwenye boti ya Kagunga.

Mawese.

Nani aibe mawese akiwa njiani kwenda Kagunga? Kule michikichi imesimama nyuma ya kila nyumba. Ni kama kuiba mchanga ukiwa njiani kwenda ufukweni. Nimezifunga bangili kwenye nailoni, nimezizamisha kwenye ndoo ndogo ya mawese, nimefunga mfuniko. Hata Hadija sijamwambia. Mtu wa kimya ni mtu wa kimya.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika nikiwa nyuma ya migomba ya Baba Mdogo. Afadhali ningezama ziwani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilipanda boti, nikalikumbatia begi kwa mikono miwili, nikawa nawatazama watu kwa wasiwasi ili mwizi aamini. Ndoo niliiacha miguuni kama kitu cha kupuuzwa. Hadija akalala kabla mashine haijawashwa.

Lakini mama mmoja muuza chumvi, aliyekaa mbele yangu, akawa haliangalii begi. Anaangalia ndoo. Akanisalimu kwa Kiha, mwakeye, nikaitikia. Akauliza kama yale ni mawese. Nikasema ndiyo. Akauliza naenda wapi. Nikasema Kagunga. Akawageukia wenzake:

"Jamani, huyu mtoto anapeleka mawese Kagunga!"

Boti nzima ilicheka. Nahodha akasema safari ijayo nibebe na ndoo ya maji ya ziwa, yasije yakapungua huko. Mzee mmoja akanitetea, akasema huenda nimetumwa na mtu mzima aliyechanganyikiwa, tusicheke maradhi. Akaniuliza kama ni hivyo. Nikasema ndiyo. Nisamehe, Bibi.

Nikavumilia. Nilijua mimi ndiye mwenye akili.

Tulipofika, kina mama wa harusi walikuwa ufukweni wanatupokea kwa vigelegele. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo mtoto wa miaka mitano analijua. Mgeni wa harusi hashiki alichokileta! Anapokelewa. Akikatalia mzigo wake, huyo ni mchoyo au ni mchawi. Mama Agnesi, jirani ambaye ndiye mkuu wa jiko la shughuli, akainyakua ndoo, akaipandisha kichwani, akaondoka anaimba. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia nusu tofali.

Nikamfuata. Neno "subiri" lilimezwa na vigelegele. Jikoni kuna pipa wanalochanganyia mafuta ya wageni wote. Akainua ndoo, akaipindua. Mawese yalikuwa yameganda, yakaanguka kama bonge, yakazama. Akanishukuru. Akasema mawese ya Ujiji si mabaya.

Baba Mdogo naye akalichukua begi langu kwa adabu kubwa. Amesema anajua kilichomo, nisiwe na hofu, atalilalia.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimejitolea kuwa mchota mafuta. Mama Agnesi alifurahi sana, akasema hajaona msichana wa mjini anayependa moshi. Kisha akanipa gunia la vitunguu.

Nimemenya vitunguu tangu asubuhi. Angalau leo nimelia bila kuulizwa.

Adhuhuri wakaja wageni wa upande wa bwana harusi, wanawake wote wakatoka kuwashangilia. Nikabaki peke yangu na pipa. Nikaingiza mkono. Mpaka kiwiko, hakuna. Mpaka bega, hakuna. Nikasimama kwenye kigoda, nikaingiza na shavu. Vidole vikagusa nailoni!

"Mwizi wa mafuta!"

Alikuwa Mama Agnesi. Wote wakarudi mbio, pamoja na wageni. Mkono wangu mwekundu mpaka begani, sikio jekundu, gauni jekundu. Mmoja akauliza kama Ujiji kumeingia njaa. Mwingine akasema hakuwahi kuona mtu anaiba mafuta kwa mkono, ujambazi gani huu usio na hata kikombe.

Hadija akanivuta pembeni. Alikuwa na uso wa huruma kweli. Akaniuliza kama nina njaa. Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema ndiyo.

Wakanipakulia maharage. Nikala sahani nzima huku wamenizunguka wakiniangalia.

Safari yote hii mwizi aliyekamatwa ni mmoja tu, na ni mimi. Jiko sasa haliachwi peke yake. Wamemweka kikongwe na mwiko.

Jumamosi, 7 Desemba

Siwezi kuandika.

Nitaandika.

Saa nne walianza kumvalisha Mwasiti. Hina ilikuwa imekolea vizuri, alikuwa amependeza mpaka nikaogopa. Akauliza bangili. Baba Mdogo akaja na begi kwenye mikono miwili kama mtoto mchanga. Amelilalia siku mbili, shingo haigeuki. Vigelegele! Shangazi wote wakasogea. Akaniomba namba ya kufuli, nikamtajia. Sijui kwa nini nilimtajia. Ningeweza kuzirai.

Likatoka daftari la Jiografia. Likatoka daftari la Baiolojia. Ikatoka nusu tofali.

Baba Mdogo akalishika tofali akaligeuza, akatazama upande wa pili, labda bangili ziko huko. Mwasiti akanitazama. Hakukasirika. Akaniuliza tu taratibu, "Zuleha, bangili za Bibi ziko wapi?"

Nikasema. Hawakusikia. Nikasema tena.

Mama Agnesi ndiye aliyekimbia wa kwanza. Wakapindua pipa. Chini kulikuwa na nailoni iliyopasuka, na bangili moja. Moja! Ya pili ilikuwa imechotwa pamoja na mafuta, imeingia kwenye sufuria, na masinia yalikuwa yameshakwenda upande wa wanaume.

Mwasiti ameolewa akiwa na bangili moja. Mkono wa pili aliuficha ndani ya mtandio. Alilia, na watu wakasema binti ana adabu, anaona uchungu kuacha kwao. Mimi nilijua analilia nini. Hajaolewa mtu bila hizo, mpaka leo. Mpaka nilipotumwa mimi.

Ndoa ilipokwisha, kelele zikatoka kwa wanaume. Mzee Dadi, babu yake bwana harusi, aliingiza mkono kwenye sinia akashika kitu kimepinda, akadhani ni ubavu, akauma. Alikuwa na meno manne. Sasa ana matatu. Akainyanyua bangili juu watu wote waione, akasema amekula harusi miaka sitini, na hajawahi kukutana na mbuzi aliyejipamba.

Waliipeleka kwa Mwasiti ikiwa bado inanuka mchuzi. Akaivaa. Picha zilikuwa zimeshapigwa.

Jumapili, 8 Desemba

Baba Mdogo amempigia Bibi. Ameeleza kila kitu kwa sauti kubwa, na simu ikiwa imefunguliwa tusikie wote. Alipofika kwenye tofali alisita, akaendelea.

Bibi akauliza jino la Mzee Dadi lililovunjika ni la mbele au la nyuma. Akaambiwa la mbele. Akavuta pumzi. Akasema bangili atazirudisha Hadija.

Hakuomba kuongea na mimi.

Hadija akazifunga kwenye pindo la kanga mbele ya watu wote. Fundo moja, la pili, la tatu. Hakunicheka. Hakuniita mwanangu. Angenicheka ningepata pa kushika.

Nimekaa ufukweni nikitafakari kosa langu. Lazima liwepo moja, na nikilijua, Bibi anaweza kunirudishia imani. Nimefikiri mpaka jua likanichoma utosini. Sasa nimelijua. Kosa lilikuwa mafuta. Mafuta yanamiminwa! Ningechagua kitu kisichomiminwa, leo ningekuwa napongezwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika ndani ya boti, maji yanaruka kwenye karatasi.

Hadija amelala. Kagunga ilikuwa bado inaonekana, yeye tayari mdomo wazi. Na pindo la kanga limening'inia pembeni ya ubao, kila mtu analiona! Nilimvumilia kwa saa nzima. Kisha nikafikiria uso wa Bibi. Hajaongea na mimi. Bangili hizi zikipotea leo atasema ni ukoo mzima haufai. Zikifika salama mikononi mwangu, nikimkabidhi mimi mwenyewe, ataniita tena chumbani.

Nikafungua fundo la kwanza kwa vidole viwili. La pili. La tatu. Hakusikia kitu. Kumbe ni rahisi hivi! Si wizi. Naokoa.

Baba Mdogo ametupa kikapu cha migebuka waliobanikwa tumpelekee Bibi. Ni kumi na wawili. Nimeweka bangili moja kwenye tumbo la mmoja, na ya pili kwenye tumbo la mwingine, ili mwizi akipata moja asipate zote. Kisha nimewachanganya vizuri. Nani aibe samaki kwenye boti inayotoka kwa wavuvi kwenda kwa wavuvi? Nimewatazama mara tatu na hata mimi siwezi kusema ni yupi na yupi. Salama kabisa.

Tumefika Kibirizi. Wachukuzi wameingia ndani ya boti, wanarusha vikapu nchi kavu kimoja baada ya kingine. Vingi ni vya migebuka. Vyote vimesukwa namna moja, vimefunikwa majani namna moja. Chetu kilikuwa hapa sasa hivi. Hii ni bora zaidi, maana mwizi hatajua hata aanzie kikapu gani.

Hadija ameamka. Anapapasa pindo. Analigeuza, analitikisa, ananitazama, anataka kulia. Sijawahi kumwona hivi. Maskini, inabidi mtu apatwe ndipo ajue. Nimemshika bega, nikamwambia asilie, dunia ya sasa si ya kufunga vitu kwenye kanga, na kwamba Gasper bado ana begi moja kama langu, jekundu.