Miwani Isivuliwe Mbele ya Mafahali

Jumatatu, 4 Agosti

Kamati ya mapigano ya mafahali imekutana katika darasa la nne la shule ya msingi. Viti vya watoto. Magoti yangu bado yanalalamika. Andati alipoombwa asome majina ya mafahali wa Jumamosi, aliipandisha miwani yake hadi kwenye paji la uso, akaikaribia karatasi kana kwamba anainusa, akasoma. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Mimi na Andati tuna tatizo moja: hatuoni mbali. Sote wawili tumeandikiwa miwani. Tofauti ni kwamba mimi ninaiheshimu yangu. Aliyeandikiwa miwani huivaa anapotembea, anapokula na anaposoma. Kuivua ili usome ni sawa na kuvua viatu ili utembee.

(Ni kweli kwamba nikisoma gazeti nimevaa miwani, maandishi hugeuka msafara wa siafu. Nikiivua na kuliweka gazeti shubiri moja kutoka puani, kila herufi husimama wima. Ninaliandika hili kwa sababu shajara haipaswi kudanganya. Si hoja.)

Hoja ni kipaza sauti. Andati, afisa wa mifugo mstaafu, amekishika miaka nenda rudi. Husimama mbele ya umati wote wa eneo letu la Isukha na kusema, "Hii fahali inapigananga kama mvua!" Na watu humshangilia! Mimi nilifundisha Kiswahili mpaka nikawa mwalimu mkuu. Tangu nistaafu, wanaonisikiliza bila kuondoka ni kuku wawili, na hao nimewafungia.

Jumamosi, baada ya mapigano, kamati itamchagua mtangazaji wa mashindano makubwa ya Desemba. Lazima niwe mimi. Njia ya kumng'oa Andati imepanda yenyewe kwenye paji la uso wake.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda mjini, kliniki ya macho, kutafuta ushahidi. Daktari ni binti mmoja anayeitwa Chepng'etich. Mpole, lakini hujibu zaidi ya alivyoulizwa.

Nilimuuliza kama asiyeona mbali anapaswa kuvaa miwani anaposoma karibu. Akasema inategemea. Sikupenda mwanzo huo. Akaeleza kwamba kijana anaweza kusoma nayo bila shida, lakini kwa umri wangu jicho limechoka kujikaza, kwa hiyo nikiona vizuri zaidi bila miwani, niivue tu nisome. Nikamuuliza kama kuivua kunaharibu macho. Akasema hapana. Nikamuuliza kama kuivaa kunaharibu macho. Akasema hapana vilevile.

Nikamwomba aniandikie hilo la mwisho peke yake. Kisha akaandika: "Kusoma ukiwa umevaa miwani hakuharibu macho." Sahihi na mhuri. Safi kabisa.

Alijaribu pia kuniuzia miwani yenye vioo viwili, juu cha mbali na chini cha karibu. Nimekataa. Ule mstari katikati ya kioo humtangaza mtu kuwa mzee.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi!

Nimeiomba kamati ikutane tena, nikawasomea maneno ya daktari. Nilikuwa nimeyakariri, kwa hiyo miwani ilibaki machoni. Kisha nikapendekeza kanuni: mtangazaji avae miwani yake tangu fahali wa kwanza aingie uwanjani hadi wa mwisho atoke. Sababu nikaitoa wazi. Anayeivua ili asome atasahau kuivaa tena, na siku moja atampa ushindi ng'ombe asiyestahili. Hata Andati alikuna kichwa.

Mwenyekiti wetu ni Mama Nasambu, ambaye ana mafahali watatu na hamwogopi hata mmoja wao. Aliniuliza, "Na wewe, Mwalimu, utaisoma hiyo karatasi na miwani?" Nikamjibu kwamba mtunga kanuni haulizwi swali kama hilo. Akasema basi tutaona. Kanuni ikapita. Jumamosi Andati atatangaza pambano la kwanza, mimi la pili, kisha wao wachague.

Nikitoka, Andati alinipiga begani akasema, "Mwalimu, wewe unapendanga shida." Mtu aliyeshindwa huachiwa nafasi ya kusema.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi, nikiwa na miwani. Karatasi karibu: siafu. Karatasi kwa urefu wa mkono: siafu walio mbali kidogo. Nikamwomba mke wangu, Edah, aishike karatasi huku akirudi nyuma polepole. Alirudi mpaka kwenye zizi, akakanyaga alichokanyaga, akaniambia kwamba mazoezi yamekwisha.

Nikaandika jina la fahali mmoja kwenye katoni, kwa herufi kubwa kama mfuniko wa sufuria, nikaiegemeza kwenye ua. Nimelisoma bila taabu! Lakini mafahali ni wengi, wa pambano langu watajulikana asubuhi ileile, na kila mmoja ana mmiliki, kijiji na sifa zake. Nimepiga hesabu nikaona zitahitajika katoni za duka zima na Edah wanne.

Edah, akinawa miguu, aliuliza kwa nini nisiivue tu. Nimemkumbusha kwamba kuna kanuni. Akauliza ni ya nani. Kuna wakati mwanamke huuliza swali akiwa na jibu lake tayari.

Kukariri? Nimejaribu. Nikifika fahali wa tatu, wa kwanza ananitoroka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata! Nashangaa ni kwa nini jambo rahisi hivi lilichelewa.

Kanuni inataka miwani ivaliwe. Nitaivaa. Haisemi lolote kuhusu vioo. Leo asubuhi nimevitoa vyote viwili kwa kijiko cha chai, nikavihifadhi ndani ya kibiriti. Fremu ni nyeusi na pana. Ukisimama hatua mbili huwezi kujua. Nimeivaa nikasoma karatasi nzima kwa karibu, sauti kamili, bila kuteleza hata mara moja. Kuku walinyamaza.

Edah ameingia, akanitazama, akasema, "Baba Griffin, leo macho yako yanang'aa." Hakugundua kitu! Ameuliza tu mafahali wenyewe nitawaonaje kule uwanjani. Nimemwambia kwamba fahali ni mnyama mkubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaeleza kwa utulivu.

Tulifika uwanjani alfajiri. Ukungu, umande, ngoma za isukuti, watu hadi juu ya mapaa ya vibanda. Meza ya kamati ilikuwa ukingoni mwa uwanja, na juu yake chupa ya chai ya Mama Nasambu. Andati akaanza. Nilikuwa nikingoja kwa hamu aipandishe miwani ili nipinge. Hakuipandisha. Aliiteremsha! Aliishusha hadi ncha ya pua, akachungulia karatasi kwa juu yake, akasoma vizuri. Kisha akainua kichwa, akaisukuma kwa kidole, akautazama uwanja kupitia vioo. Na muda wote alikuwa ameivaa. Nilipoandika kanuni, sikufikiria kwamba pua ina sehemu ya chini.

Zamu yangu ikafika. Tingatinga, fahali wa Sulemani kutoka Ekero, dhidi ya Transfoma, fahali wa Osiako kutoka Lubao. Nilisoma majina, ukoo na sifa zao. Sijawahi kusoma vizuri hivyo maishani. Umati ulitulia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alisahau kurudisha chenji. Wakati huo, kwa muda mfupi sana, kipaza sauti kilikuwa changu.

Kisha mafahali wakaachiliwa.

Mbele yangu palikuwa na wingu la kahawia, na wingu jingine la kahawia. Kumbe wote wawili ni wa rangi moja! Hakuna aliyeniarifu. Nikaamua kuufuata mlio wa umati. Ukipanda, ninapanda. Nikaeleza pembe, jasho na ushujaa kwa sentensi ndefu zilizokamilika. Wingu moja likaanza kukua. Nikatangaza kwamba Transfoma anasonga mbele kwa kishindo. Umati ukapiga mayowe, nami nikayachukua kuwa ya furaha. Nikawasihi watazamaji wote wasimame mahali pao wampokee bingwa kwa makofi.

Alikuwa Transfoma kweli. Lakini alikuwa akikimbia, ameshindwa, na Tingatinga yuko nyuma yake.

Watu wote walitawanyika. Mimi peke yangu nilisimama, nikipiga makofi. Baadaye wapo walioita jambo hilo ujasiri, na sikuwasahihisha. Transfoma alipita na meza, chupa ya chai na waya wa kipaza sauti. Nilijikuta nimekaa kwenye matope. Sentensi yangu niliimaliza, ingawa bila umeme.

Sulemani alifika akihema. "Mwalimu, wallahi! Ng'ombe wangu ameshinda, wewe unampa taji anayekimbia!" Nilikuwa nikitafuta jibu la heshima huku nikipangusa tope jichoni kwa leso. Mama Nasambu akanisogelea, akanyoosha kidole, akakipitisha ndani ya fremu mpaka kikanigusa kope.

"Mwalimu, vioo viko wapi?"

Nikamwambia kwamba kanuni inataja miwani. Vioo haivitaji.

Andati alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Huyu mwalimu ataniuanga!" Kisha akashuka ukingoni, akanishika mkono, akaninyanyua. Mkono wake una nguvu kuliko nilivyodhani. Na hilo pia si hoja.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mama Nasambu amekuja nyumbani. Edah akampikia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kana kwamba ni sherehe. Alikula kwanza, akazungumza baadaye. Mtangazaji wa Desemba ni Andati. Kanuni imefutwa, kila mtu atasoma jinsi macho yake yanavyomruhusu, avue, avae au aitundike sikioni. Mimi nimepewa kamba ya kuwazuia watazamaji wasiingie uwanjani, kwa kuwa nimethibitisha kwamba siogopi ng'ombe. Wakacheka wote wawili. Edah ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Nimelipima jambo hili bila hasira. Kanuni yangu haikuwa na kosa lolote. Makosa ni mawili, na yote ni ya wengine. Kwanza, mafahali wa rangi moja hawafai kupambanishwa. Mmoja apakwe chokaa. Pili, Andati alitumia sehemu ya pua isiyokusudiwa. Mchana huu nimeanza kuandika kanuni mpya, ambayo itataja pua, vioo na chokaa kwa majina, nami nitaipeleka kwa Mama Nasambu kesho asubuhi kabla hajasahau jinsi nilivyosoma.

Vioo nimevirudisha mwenyewe. Edah anasema cha kulia kiko kushoto. Kioo ni kioo. Ninaandika ukurasa huu nikiwa nimevaa miwani, kama inavyompasa mtu aliyeandikiwa. Herufi sizioni, lakini nina hakika zimenyooka. Edah amepita sasa hivi akaniambia kwamba mistari mitatu ya mwisho iko juu ya kitambaa cha meza.

Nimemkataza asikifue mpaka nimalize hoja yangu.