Kadi Tatu za Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Herufi alinifundisha mjukuu wangu, kwa hiyo makosa ya humu ni yake. Yeye na mwenzake, ninayemwita Miwani, wanatengeneza programu ya kompyuta za zahanati, sebuleni kwangu. Ukutani wamebandika kadi safu mbili, kila kadi kazi moja. Kushoto ni tawi la marekebisho: programu inayotumika sasa, inatiwa viraka tu. Kulia ni tawi la kazi mpya. Bado bichi, halitoki hadi Juni. Mjukuu wangu anatia viraka. Miwani anajenga kazi mpya, anasifiwa. Nimenuna kutwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza kwa nini kila kiraka cha kushoto anakirudia kulia. Akasema, bibi, nisipokirudia, Juni ugonjwa uleule utaturudia. Kazi mara mbili, sifa hakuna. Mtoto amekonda. Miwani kala sahani mbili kisha akasema mchuzi umepoa.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu ana homa. Nimemwambia akiinuka kitandani nitamvunja mguu. Kisha nikahamisha kadi tatu za Miwani, kutoka kulia kwenda kushoto. Naye aonje viraka. Miwani hubishana na kila mtu ila kadi. Iliko kadi ndiko anakopeleka kazi. Akasema kumbe mwenzake kaamua kazi mpya itoke kabla ya Juni. Akaituma.

Alhamisi, 6 Machi
Simu tangu asubuhi. Kazi mbichi imefika zahanati zote. Kwenye dirisha la dawa kompyuta hazionyeshi dawa, wagonjwa wamepanga foleni hadi nje. Mjukuu kaamka na homa yake, saa sita nzima anairudisha programu ya zamani. Mkubwa wao amesema mlinzi wa tawi la marekebisho ni mjukuu wangu, ajiandae kupokea barua ya onyo. Nikampelekea uji.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia mkubwa, nikamwambia mwanangu, mkosaji ni mimi kikongwe. Akajibu kwamba tawi linalochezewa na bibi halina mlinzi. Kampa Miwani. Mjukuu hana tawi lolote hadi kikao cha wakubwa kiamue. Hajanifokea. Angefoka ningepona. Miwani akasema, bibi, ungeniambia tu kachoka, ningemsaidia.

Jumamosi, 8 Machi
Kadi zimepandishwa juu, karibu na dari. Ya mjukuu wangu hakuna hata moja. Chakula kakirudisha kama nilivyompakulia.
Jirani kaniazima ngazi. Kadi tatu tu nimrudishie mjukuu wangu, nani atajua?