Ombi la Kufutwa Katika Daftari la Wachunguliaji

Kasimiri Agustino,
Bigwa, Morogoro.
9 Septemba 1993

Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Mwanzo.

YAH: KUONDOLEWA JINA LANGU KATIKA DAFTARI

Mheshimiwa, shikamoo. Najua kwa umri mimi ndiye mkubwa, lakini mwenye shida ni mimi, kwa hiyo pokea tu.

Mwaka jana ulinitia hatiani kwa kuwachungulia akina mama wakioga mtoni. Kifungo cha miezi miwili nilikimaliza bila kinyongo. Lakini uliamuru pia niandikwe katika daftari la kitongoji, na kila nikifika kona ya migomba, kabla ya mto, nipige hodi kwa sauti na kutaja jina langu kamili, ili walioko majini wajisitiri. Nimepiga hodi mwaka mzima. Jamani, nimechoka! Sababu zangu ni hizi:

1. Darubini niliyokamatwa nayo niliinunua kwenye mitumba kwa ajili ya nyani. Shamba langu la kabichi liko ng'ambo, na nyani wa huku mlimani hawana haya. Sasa kama kati yangu na nyani kuna mto, kosa langu liko wapi? Mto niliukuta.

2. Adhabu imevuka mipaka. Nikishuka sokoni Mwembesongo na tenga langu, wanawake waliojifunika shingo hadi kisigino wanapaza sauti, "Ngoja kwanza, Kasimiri, hatujavaa!" Soko zima linakufa kwa kicheko. Jumapili nikienda kutoa sadaka, kwaya inajitanda kanga juu ya majoho. Padri mwenyewe nilimwona akifunga kifungo cha juu.

3. Nchi imeingia soko huria. Viwanda vinauzwa, maduka ya watu binafsi yamejaa, kila kitu ruksa. Macho yangu tu ndiyo yamebaki chini ya usimamizi wa umma. Naomba nayo yabinafsishwe.

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nimempenda Filomena, mjane anayelima karoti jirani na shamba langu. Nasema wazi, nampenda mno. Barua ya posa nimepeleka, lakini kaka yake mkubwa, Deogratias, ambaye ndiye mtunza daftari, ameiweka juu ya kabati na kusema haifunguliwi mpaka jina langu likatwe na mahakama. Nina miaka hamsini na mbili, Mheshimiwa. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Nikimkosa huyu, basi tena.

5. Na juu ya yote, sikuona kitu! Siku ile ukungu ulishuka kutoka Uluguru mzito kiasi kwamba hata kidole changu sikukiona. Namwapia Mungu na Bikira Maria.

Kwa hayo, naomba jina langu likatwe kwa wino mwekundu, mistari miwili, na uamuzi usomwe hadharani sokoni, pale pale wanaponichekea.

Msalimie karani wako, na yule askari aliyenigawia ugoro mahabusu. Msalimie pia mama watoto, ambaye naahidi sijawahi kumwona popote.

Wako mtiifu, niliyekwisha kurekebika,

Kasimiri Agustino

Nakala: Deogratias, kaka yake Filomena (tafadhali usome mpaka mwisho).

Nyongeza: Kwa kuwa mimi ni mtu wa ukweli, naomba mahakama isahihishe kumbukumbu zake. Shahidi Paskalia alisema siku ile alikuwa kwenye jiwe la kulia. Uongo mtupu! Paskalia alikuwa jiwe la kushoto, ana beseni la bluu, anasugua visigino. Jiwe la kulia alikuwa Filomena. Hapo ndipo nilipompenda, na nyani wakamaliza kabichi zote.