Nahodha wa Injini Iliyogoma

Jumatatu, 3 Machi

Injini imegoma. Si jambo kubwa. Nimemwambia mke wangu inapumzika. Akauliza inapumzika kutokana na kazi gani, maana tangu tuinunue hii mashua miezi miwili iliyopita haijanguruma hata mara moja. Mwanamke huyu ana maswali ya kipolisi.

Niandike hali ilivyo, vizazi vijavyo vielewe. Tunaishi wanne ndani ya mashua ya tanga ya mita tisa: mimi (nahodha), mke wangu (muuguzi), kifungua mimba wetu (msichana wa miaka kumi, mdomo wa miaka arobaini) na kitinda mimba (miaka mitano, hula sabuni). Nyumba tuliiuza. Wazo langu. Jumatatu ijayo mke wangu anaanza kazi katika hospitali mpya, ng'ambo ya ghuba. Kwa hiyo Jumapili nyumba yetu lazima ivuke pamoja naye. Kwa tanga haiwezekani. Mlango wa bandari ni mwembamba, na mkuu wa bandari haruhusu mtu kuupita bila injini.

Mke wangu ameshasema lake. Dada yake amepata vyumba viwili kule ng'ambo, na mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa jioni. Injini ikiwaka kabla ya hapo, tunabaki mashuani. Isipowaka, yeye na watoto wanahamia vyumbani, na mashua inatafutiwa mwenyewe mwingine. Alisema hayo huku akikunja nguo, bila kupandisha sauti. Angepandisha sauti nisingeogopa.

Hata hivyo nina imani. Niliuza magodoro miaka kumi na moja. Mtu anayeelewa springi anaelewa injini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na ari. Kitabu cha injini kinaanzia ukurasa wa 31. Kurasa za mwanzo zililiwa na panya wa mwenye mashua wa zamani. Haidhuru. Mtu makini huruka utangulizi.

Injini iko chini ya ngazi, nyuma ya ubao. Kuifikia ni lazima nilale kifudifudi, kichwa gizani, miguu jikoni. Mke wangu alipika chai akiwa amesimama katikati ya miguu yangu. Nimefungua boliti nane, nikazipaka grisi, nikarudisha sita. Hakuna kilichotikisika. Ishara kwamba zile mbili hazikuwa na kazi.

Nimejaribu kuiwasha mara kumi na nne. Stata inazunguka vizuri tu, nga-nga-nga-nga, halafu basi. Kama mtu aliyeshikwa na chafya isiyotoka.

Jioni ilibainika kwamba boliti zile zilikuwa za meza. Ilibainika tukiwa tumeshakaa kula. Supu yote, iliyokwisha kupoa kwa bahati nzuri, ilimwishia kifungua mimba mapajani. Akauliza kwa adabu kama huko vyumbani ng'ambo meza zinasimama zenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Leo lazima nimwandike jirani yetu. Namwita Bwana Kitambaa. Kila asubuhi saa moja hufungua injini yake, huifuta kwa kitambaa cheupe, kisha hukiinua kitambaa juani kukitafutia doa. Doa hamna. Halafu huiwasha. Mara moja tu, inaitika. Huiacha ingurume dakika kumi bila sababu yoyote isipokuwa kunichoma moyo.

Asubuhi hii alikuja hadi gatini, mikono nyuma, akasema ameisikia yangu ikihangaika na kwamba angependa kuitazama dakika mbili. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba ninaifanyia marekebisho ya ndani ambayo ni vigumu kumfafanulia mtu wa kawaida. Mke wangu alikuwa akianika nguo. Aliangusha vibanio vyote.

Baadaye alisema dakika mbili za mzee yule zingetuokoa. Nikajibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alikitazama kichwa changu kwa muda mrefu. Najua kipara changu kinang'aa, lakini hiyo si hoja.

Na kama hayo hayatoshi: mama mkwe anakuja kesho kusaidia kufunga mizigo. Kwenye nyumba ya kawaida, mkwe humwamkia mama mkwe kwa heshima zote kisha akapata dharura chumba kingine. Hapa hakuna chumba kingine. Kuna jiko, ambalo ndilo sebule, ambapo ndipo ninapolala.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amefika na mabegi mawili na kigoda chake mwenyewe. Alinikuta kazini. Nilimpa shikamoo nikiwa kifudifudi, akaiitikia miguu yangu.

Huyu mama aliendesha mashine ya kusaga nafaka miaka ishirini, kwa hiyo anajiona ana neno kuhusu kila kinachozunguka. Aliuliza injini ina shida gani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, mama, utachoka bure. Akasema haya, mwanangu. Akaendelea na chai yake. Ile "haya" sikuipenda.

Kesho ndiyo siku ya jibu. Nimewaza mpaka masikio yakawaka moto. Halafu, wazo! Wazo la karne! Mke wangu hakusema ataitazama injini. Alisema iwake. Kuwaka na kusikika inanguruma, tofauti iko wapi? Akishavikataa vile vyumba, nitakuwa na Jumamosi nzima ya kuitengeneza kwa utulivu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja kamili asubuhi nilikuwa ndani ya kidau chetu kidogo cha makasia, nyuma ya mashua ya Bwana Kitambaa, simu yangu ikirekodi ndani ya ndoo. Dakika kumi za ngurumo safi. Nilirudi nikipiga mluzi. Spika ya kifungua mimba nikaificha nyuma ya injini.

Saa kumi alasiri wote walikuwa ndani wakinywa chai. Nikapiga miayo, nikasema ngoja nijaribu tena mara moja. Nikazungusha ufunguo kwa mkono wa kulia, nikabonyeza simu mfukoni kwa wa kushoto. Ngurumo! Watoto waliruka juu ya vitanda. Mke wangu alinitazama kama alivyonitazama siku aliponikubali. Nilijihisi mrefu. Akachukua simu yake kumwambia dada yake kwamba vyumba basi.

Mama mkwe hakuruka. Alikuwa anakitazama kikombe chake. Akasema taratibu kwamba miaka ishirini pale kwenye mashine yake hakuwahi kunywa chai isiyotetemeka. Kweli, chai yake ilikuwa imetulia tuli. Nikamwambia hizi injini za siku hizi zina adabu.

Ndipo injini ikakohoa. Kikohozi cha mtu mzima. Kisha ikauliza, kwa sauti ya Bwana Kitambaa, ndara zake ziko wapi. Sauti ya mke wa Bwana Kitambaa ikajibu kwamba ziko pale pale alipozivua. Injini ikasema pale imeshatazama.

Nilibonyeza simu kila mahali. Nikaongeza sauti.

Kitinda mimba akaingiza kichwa chini ya ngazi, akatangaza kwamba injini imepotelewa na ndara, tuisaidie kutafuta. Mke wangu alicheka hadi akashikilia sinki. Nami nikacheka, nikidhani yamekwisha. Kisha akafuta machozi, akapiga simu, akamwambia dada yake kwamba vyumba wanavichukua na funguo wazifuate kesho. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa dakika nne.

Jumamosi, 8 Machi

Wanafunga mizigo. Sina mzaha leo. Nina huzuni, na naogopa.

Kitanda cha watoto kimebaki mbao tupu. Kila mtu nilimwambia nilinunua mashua kwa ajili ya upepo na uhuru. Si kweli. Kwenye ile nyumba tuliyouza kila mtu alikuwa na mlango wake, na zilipita siku nzima bila kuonana. Hapa mtu akigeuka kitandani, wote tunajua. Nikilala nasikia watoto wakipumua upande wa pili wa ubao. Nisingependa kulala bila kuisikia hiyo sauti.

Saa sita mchana nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimwendea mama mkwe, nikamwambia: sijui. Sijui injini ina nini, sijawahi kujua, nisaidie mama yangu.

Hakunicheka. Alikunja mikono ya gauni, akauliza huwa inazimwaje. Nikasema isiyowaka itazimwaje. Akanieleza kwamba injini ya dizeli haizimwi kwa ufunguo, huzimwa kwa kunyimwa mafuta, na mahali fulani lazima pawe na kitu cha kuvuta cha kuinyima. Kwenye mashine yake kilikuwa waya. Akaangaza huku na huku. Akauliza kofia yangu ya unahodha imetundikwa kwenye nini.

Nikamjibu ni kigingi cha kofia. Kishikio chekundu kando ya ngazi, kizuri, kimechomoza shubiri moja. Nikamweleza kwamba mwenye mashua wa zamani alikivuta mwenyewe siku ya makabidhiano, injini ikazimika, kisha akaniambia kitu ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu nilikuwa naijaribu hiyo kofia.

Niliisikia sentensi yangu ikinitoka. Nikatamani kuirudisha.

Mama mkwe aliitoa kofia, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mgeni kikombe. Akakisukuma kishikio kwa kiganja mpaka mwisho. Akaniambia washa.

Vikombe vyote vilicheza kabatini. Sakafu ilitetemeka, meno yangu yalitetemeka. Bwana Kitambaa alitoka nje na kupiga makofi. Mke wangu alikuwa gatini, godoro kichwani. Alisimama pale akisikiliza, uso umefichwa na godoro, na sikujua analia au anacheka. Kisha godoro likageuka, likaanza kurudi mashuani. Dada yake alipigiwa simu mara ya pili. Maneno aliyosema dada mtu siyaandiki humu.

Jumapili, 9 Machi

Tumevuka! Nilishika usukani. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na injini, na amri zote zilitoka huko chini. Mlango wa bandari tuliupita katikati kabisa. Mke wangu alikaa kando yangu na kuniegemea begani, kwa muda wa kutosha mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuusogeza.

Kuna sharti. Nisiiguse injini. Mama mkwe atakuja kila mwezi kuitazama. Kifungua mimba ameliandika, nami nimetia sahihi mbele ya mashahidi. Mke wangu amesema vyumba vile bado havijapata mpangaji, na kwamba hatanionya mara mbili. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo mweupe.

Jumanne, 11 Machi

Mke wangu yuko kazini. Watoto wako shule. Mama mkwe ameondoka na basi la asubuhi. Mashua iko kimya, na mimi ni mtu mpya. Nimetafakari sana makosa yangu. Nimeona ni moja tu: simu ningeiweka karibu zaidi na injini.

Baada ya chai nimegundua pampu ya choo inalia kidogo, kama paka aliyefungiwa nje. Sharti linasema injini. Nimelisoma mara tatu. Choo hakitajwi popote.

Chini ya sakafu, karibu na bomba la choo, kuna kifuniko cha shaba ambacho mtu alikikaza kupita kiasi, bila shaka kwa woga. Nimekilegeza. Injini sijaigusa hata kwa kidole, mashahidi wangekuwepo wangethibitisha. Kifuniko kimetoka chote na kuangukia mahali ambapo mkono haufiki. Maji yanaingia. Nimeyaonja: yana chumvi. Jambo la kutia moyo, kumbe bomba la maji ya kunywa ni zima.

Jirani mpya, mama mmoja fundi wa matanga, ameniita kutoka gatini. Anasema mashua yangu imekaa chini kuliko asubuhi, anauliza kama nahitaji msaada. Nimemwambia ndivyo zinavyokaa mashua zenye familia.

Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Ya uvuguvugu, mazuri. Mke wangu anatoka kazini saa kumi na moja, na sasa ni saa nane tu. Muda upo tele.